Sura ya Sita: Dagaa wa Wapi? Juu ya Majina Yanayogongana Katika Python

Katika soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba mjini Mwanza, mnunuzi hutaja dagaa na biashara ikaendelea, wala hapana amwulizaye ni dagaa wa wapi. Kwani magunia yashushwayo pale kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vilivyo mbali zaidi huwa na samaki wa namna moja, yule mdogo wa rangi ya fedha avuliwaye kwa taa katika usiku usio na mwezi, kisha akaanikwa mchana juu ya mchanga na majabali. Lakini gunia lilo hilo likipelekwa Dar es Salaam, likawekwa ubavuni mwa gunia lililotoka Kigoma na jingine lililotoka Unguja, neno dagaa peke yake halimtoshi tena muuzaji wala mnunuzi, nao wote wawili, pasipo kufundishwa na mtu, huanza kusema dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma, dagaa wa Unguja. Na haja hiyo ni ya kweli, maana dagaa wa Mwanza ndiye Rastrineobola argentea, aliyeelezwa na mtaalamu Pellegrin mwaka 1904 na kuhesabiwa kwa muda mrefu katika ukoo wa Cyprinidae. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae pamoja na mwenziwe Limnothrissa miodon, ambao ni jamaa wa saradini wa baharini. Na wale wa pwani wengi wao ni wa ukoo wa Engraulidae. Hawa hawana udugu wa karibu hata kidogo, walakini jina moja limewakusanya, na bei zao, ladha zao na namna za kuwapika ni mbalimbali.

Mushkili wa namna hiyo hiyo ndio umkabilio mwandishi wa programu za kompyuta anapotumia lugha ya Python. Lugha hiyo, iliyoanzwa na Mholanzi Guido van Rossum mjini Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kutolewa kwa watu mwezi wa Februari 1991, imeenea duniani kwa sababu nyingi, na moja iliyo kubwa ni wingi wa maktaba zake, yaani makusanyo ya kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambayo mtu huyaagiza ndani ya programu yake kama mfanyabiashara aagizavyo bidhaa, badala ya kutengeneza kila kitu kwa mikono yake. Maktaba hizo zimeandikwa na watu wasiojuana, walio katika nchi zilizo mbali mbali, kila mmoja akichagua majina yaliyompendeza. Na katika ghala ya umma iitwayo PyPI vimekwisha kuwekwa vifurushi zaidi ya 500,000. Basi si ajabu kuwa majina mawili hukutana. Lililo la ajabu, na ambalo mwanafunzi hana budi kulifahamu mapema, ni kwamba yanapokutana Python yenyewe aghalabu hainung'uniki.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mambo ya uvuvi, aketiye Mwanza, atakaye kulinganisha mavuno ya maziwa mawili. Ameandika faili la kwanza akaliita ziwa_victoria.py, na la pili akaliita ziwa_tanganyika.py, na ndani ya kila moja ameweka funksheni iitwayo dagaa, ambayo hutoa wastani wa mavuno ya mtumbwi kwa usiku mmoja. Kisha katika faili la tatu, lililokusudiwa kuyakusanya hayo mawili, akaandika hivi:

from ziwa_victoria import dagaa
from ziwa_tanganyika import dagaa

print(dagaa())

Programu hii itakwenda bila ya kusita, nayo itachapa namba moja, na namba hiyo itakuwa ya Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Ziwa Victoria ameagizwa, akafika, akaandikwa, kisha akafutwa papo hapo na mstari uliofuata. Sababu yake ni hii: kila moduli ya Python ina daftari lake la majina, na katika daftari hilo jina moja halishiki ila kitu kimoja, kuagiza jina ni kuliandika daftarini likielekea kwenye kitu fulani, na kuliagiza tena kutoka pengine ni kuligeuza lielekee kwingine. Kwa mujibu wa sheria za Python, jambo hilo si kosa, kwa kuwa kubadilisha kile ambacho jina laelekea ndiyo kazi ya kila siku ya lugha hiyo, na haina njia ya kujua kama mwandishi alikusudia mabadiliko yale ama aliyafanya kwa kusahau. Mwanafunzi wetu atachora jedwali lake, ataliweka katika ripoti, na huenda asitambue kamwe kwamba safu aliyoipa kichwa cha Mwanza imejazwa mavuno ya Kigoma.

Lugha nyingine zilizotangulia ziliukabili mushkili huu kwa njia nyingine. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, funksheni zote zilizo wazi kwa umma hukaa katika uwanja mmoja wa majina, na mtu anapojaribu kuunganisha faili mbili zilizoeleza funksheni ya jina moja, aghalabu kiunganishi hugoma na kumtangazia hitilafu. Kwa ajili hiyo waandishi wa maktaba za C wamezoea kuyavisha majina yao kiambishi kirefu, kama maktaba ya SQLite ifanyavyo kwa kuanza kila funksheni na sqlite3. Van Rossum, aliyeiga katika jambo hili lugha ya Modula-3, alichagua kuipa kila moduli uwanja wake wenyewe, ili mwandishi wa maktaba awe huru kuchagua majina mafupi na mazuri bila ya kuchungulia ya jirani. Na Tim Peters, alipokusanya mwaka 1999 kanuni fupi za hekima ya Python, ambazo msomaji aweza kuzisoma kwa kuandika import this, aliuweka uwanja wa majina katika kanuni ya mwisho kabisa, kwa sifa. Uhuru huo una thamani yake, nayo hulipwa na yule aagizaye: mwandishi wa maktaba amepumzishwa kazi ya kutenganisha majina, na kazi hiyo imehamia kwa mwenye kuyakusanya pamoja.

Dawa ya kwanza, iliyo ya yakini kuliko zote, ni kuagiza moduli yenyewe na kuliacha kila jina likae kwao, likitajwa pamoja na asili yake kwa kutiwa nukta katikati:

import ziwa_victoria
import ziwa_tanganyika

print(ziwa_victoria.dagaa())
print(ziwa_tanganyika.dagaa())

Hapa daftari la faili letu halina jina dagaa kabisa. Lina majina mawili tu, ya moduli mbili, na kila moja linamshikilia dagaa wake ndani yake. Majina hayo hayawezi kugongana kwa kuwa hayakuondoka nyumbani kwao. Wataalamu wa viumbe waliifuata njia iliyo jirani na hii tangu Carl Linnaeus, Mswidi, alipowapa wanyama majina ya maneno mawili mawili katika kitabu chake cha mwaka 1758, la kwanza likitaja jamii na la pili likitaja aina. Na hata leo jina Ficus ni la mkuyu kwa wataalamu wa mimea, na ni la konokono fulani wa baharini kwa wataalamu wa wanyama, wala hapana ugomvi baina yao, kwa sababu mimea na wanyama wana sheria mbili za majina zilizo mbalimbali, na mtu ajuaye ni elimu gani izungumzwayo hawezi kumtia konokono katika orodha ya miti.

Atakayesema kwamba kuandika ziwa_tanganyika katika kila mstari kunachosha, naye ana haki, Python imempa lakabu. Neno as, likifuata jina liagizwalo, hulipa jina jipya ndani ya faili lile peke yake:

import ziwa_victoria as zv
from ziwa_tanganyika import dagaa as dagaa_kigoma

Kwa njia hiyo maktaba ya hesabu za majedwali iitwayo numpy huagizwa karibu ulimwenguni kote kwa lakabu ya np, na ile ya takwimu iitwayo pandas kwa lakabu ya pd. Na kwa kuwa lakabu hizo zimekwisha kuwa mila ya watu wote, mgeni akiziona hajiulizi maana yake. Lakabu ambazo mtu amezibuni mwenyewe hazina nguvu hiyo, na zikizidi katika faili moja humlazimisha msomaji kupanda juu na kushuka chini akitafuta ni nani aliyeitwa nini, hata manufaa ya ufupi yakapotea katika kazi ya kukumbuka.

Inafaa hapa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa sura na kuhitilafiana kwa matokeo. Kitu kimoja kuwa na majina mengi si madhara: dagaa wa ziwa letu huitwa omena akivuka mpaka kuingia Kenya na mukene afikapo Uganda, na samaki ni yule yule, wala mtu aliyemnunua kwa jina hili hapati kitu kingine kuliko aliyemnunua kwa jina lile. Lenye madhara ni jina moja kuwa na vitu vingi, maana hapo mtu huomba hiki akapewa kile, na kwa kuwa alichopewa kina jina aliloliomba, hana sababu ya kukikataa. Lakabu huleta hali ya kwanza ili iondoe ya pili, na ndiyo maana hatuioni kuwa udanganyifu.

Baada ya dawa, ni wajibu kuitaja sumu. Python humruhusu mtu kuandika nyota mahali pa majina, kwa maana ya kwamba aletewe kila kilicho wazi katika moduli ile, pasipo kukitaja kimoja kimoja. Kwa mwenye haraka hili laonekana kuwa ukarimu, walakini mtu aliyeandika nyota amekubali kupokea majina asiyoyajua, na miongoni mwao huenda mkawamo yaliyo sawa na ya lugha yenyewe. Tuseme wavuvi wamerudi kwa masiku manne na ndoo nne, mbili, sita na tatu za dagaa, na katika jumla hiyo ndoo moja imetolewa kwa kitoweo. Funksheni ya asili ya Python iitwayo sum hupokea orodha, kisha hupokea namba ya kuanzia, kwa hiyo hesabu yetu yaweza kuandikwa hivi:

mavuno = [4, 2, 6, 3]
print(sum(mavuno, -1))

Jawabu ni 14, na ndilo sawa. Lakini juu ya faili lilo hilo tukiongeza mstari usemao from numpy import *, jawabu litakuwa 15. Hatukugusa hesabu wala orodha. Tulilofanya ni kuleta numpy yote, na numpy inayo sum yake, ambayo namba yake ya pili haimaanishi pa kuanzia bali mhimili wa jedwali ambao jumla ifanywe kwa kuufuata, na alama ya -1 kwake humaanisha mhimili wa mwisho. Ndoo ya kitoweo imetoweka katika hesabu, na hapana ujumbe wowote uliotokea.

Msomaji na azingatie jambo moja zaidi katika mfano huu. Lau ndoo za kitoweo zingalikuwa mbili, na tukaandika -2, numpy ingalikataa na kusimamisha programu, kwa kuwa orodha yetu ina mhimili mmoja tu, wala hauko wa pili kutoka mwisho. Basi ghalati ile ile ya kuandika nyota ingaligunduliwa siku ile ile au isigunduliwe milele, kwa kutegemea ndoo ngapi zimepelekwa jikoni. Programu ambayo usahihi wake hutegemea bahati ya namna hiyo haifai kuaminiwa hata siku inapotoa jawabu la haki. Na hii ndiyo sababu mwongozo wa uandishi wa Python, uitwao PEP 8 na uliotungwa mwaka 2001, unawahadharisha watu na nyota. Hali kadhalika ndivyo ilivyo kwa moduli ya os, ishughulikayo na mambo ya mfumo wa kompyuta: mwenye kuandika from os import * huipoteza funksheni ya asili ya kufungulia mafaili, open, na mahali pake hukaa open nyingine itakayo maelezo mengine na kurudisha namba tu.

Waama, mwenye kutunga maktaba aweza kuipunguza hatari hii kwa upande wake. Akiandika ndani ya moduli yake orodha iitwayo __all__, nyota haitatoa ila majina yaliyomo katika orodha hiyo. Na asipoiandika, majina yaanzayo na mstari wa chini, kama _kokotoa, hubaki ndani na hayatoki pamoja na nyota. Huo ndio ustaarabu wa kuweka wazi kile kilichokusudiwa umma na kuyastahi mengine kuwa ya nyumbani, lakini hauwezi kumlinda aagizaye na jina lililokusudiwa kutoka.

Pengine mtu atadhani kwamba majina yakiwa sawa na kazi zikiwa sawa hapana haja ya hofu. Na tuitazame funksheni ya kutafuta kipeuo cha pili, iitwayo sqrt, ambayo imo katika moduli ya math, katika moduli ya cmath na katika numpy. Zote tatu, zikipewa tisa, hutoa tatu. Lakini zikipewa -1, ya math hukataa na kutangaza hitilafu. Ya cmath, iliyotengenezwa kwa ajili ya namba changamano, hutoa 1j bila ya wasiwasi. Na ya numpy hutoa onyo pamoja na alama ya nan, isemayo kwamba jawabu si namba. Fauka ya hayo, ya numpy hupokea orodha nzima ya namba na kuzishughulikia zote mara moja, ilhali ya math ikipewa orodha hugoma. Kufanana kwa funksheni hizi katika mifano mepesi ndiko kunakozifanya ziwe hatari katika migumu, kwa sababu mwandishi huzijaribu kwa tisa na kumi na sita, akaridhika, na data za kweli huja baadaye zikiwa na mambo ambayo hakuyajaribu.

Hata hivyo, ajali iwapatayo wanafunzi mara nyingi kuliko zote haitokani na maktaba za watu bali na faili lao wenyewe. Mwanafunzi wetu anataka kuchagua kwa kubahatisha mitumbwi michache itakayopimwa mavuno katika mwalo mmoja, naye anajua kwamba Python ina moduli ya random kwa kazi hiyo. Basi huandika programu yake na, kwa kuwa inahusu kubahatisha, hulipa faili jina la random.py. Ndani yake mna mstari usemao import random, na mwingine usemao random.choice(mitumbwi). Programu hugoma ikidai kwamba random haina kitu kiitwacho choice, naye husoma mstari ule mara nyingi akiona hauna kosa, na kweli hauna. Kosa limo katika jina la faili. Python inapotafuta moduli hufuata orodha ya mahali, ihifadhiwayo katika sys.path, na mahali pa kwanza ni folda ile ile lilimo faili liendeshwalo. Kwa hiyo ilipotafuta random ilikutana kwanza na faili la mwanafunzi, ikaridhika nalo, wala haikufika kwenye ile iliyokuja na lugha. Moduli chache tu, kama sys, zilizojengwa ndani ya Python yenyewe, ndizo zinazosalimika, kwa kuwa hutazamwa kabla ya orodha hiyo.

Wenye kuitunza Python wameona wingi wa mateso haya na kuyafanyia dawa polepole. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 lilileta alama ya -P, ambayo huizuia Python isiitangulize folda ya programu katika upelelezi wake. Na tangu toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, ujumbe wa hitilafu wa namna hii hudokeza kwamba faili la mtumiaji lina jina moja na moduli ya lugha na kwamba huenda likahitaji kubadilishwa. Kabla ya hapo, toleo la 3.0 la Desemba 2008 lilikuwa limekwisha kuamua kwamba moduli iliyo ndani ya kifurushi, inapoagiza kwa jina la kawaida, isianze kuwatazama majirani zake wa kifurushi kile. Na atakaye jirani amtaje waziwazi kwa kutanguliza nukta. Mageuzi yote haya yana mwelekeo mmoja, nao ni kuiondolea lugha kukisia na kumtaka mwandishi atamke asili ya kile anachokitaka.

Iko pia hitilafu itokeayo hata kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, nayo ni ya wakati wa kupakua maktaba kutoka kwenye intaneti. Jina la kifurushi katika ghala na jina la moduli liandikwalo baada ya import si lazima yawe sawa. Mtu atakaye kusoma uzani kutoka kwenye mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, kama ile itumikayo kupimia samaki, ataona katika mifano ya wengi kwamba huandikwa import serial, naye kwa kudhani tu ataagiza kifurushi kiitwacho serial. Kifurushi hicho kipo, lakini ni cha kazi nyingine kabisa; alichokihitaji huitwa pyserial. Na akiviweka vyote viwili, vitaingia katika folda moja yenye jina moja, vikafutiana mafaili. Njia ya salama hapo ni kuviondoa vyote viwili na kurudisha kile kimoja kilichotakiwa, na kabla ya yote kuusoma ukurasa wa kifurushi badala ya kukisia kwa jina. Hali kadhalika, kila kazi ikipewa mazingira yake kwa chombo cha venv, kilichoingizwa katika Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, maktaba za kazi hii hazitachanganyika na za kazi ile. Ijapokuwa venv hutenga kazi na kazi, haiwezi kutenga majina yaliyomo ndani ya kazi moja.

Je, tuhukumu basi kwamba kila jina liandikwe kwa urefu wake wote kila mahali? Hasha. Mtu wa Mwaloni hahitaji kusema dagaa wa Mwanza, na angalisema hivyo kila mara wenzake wangalimcheka. Kipimo ni umbali wa safari ya jina. Jina litumikalo ndani ya funksheni ya mistari mitano laweza kuwa fupi kadiri ipendezavyo, kwa kuwa asili yake na matumizi yake huonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Jina litumikalo katika faili zima linastahili kutajwa pamoja na moduli yake au kupewa lakabu ijulikanayo. Na jina litakalotolewa nje, likaagizwe na watu tusiowajua, linastahili fikira kubwa kuliko yote. Kuandika from math import sqrt katika faili lisilo na sqrt nyingine si dhambi, maadamu mwandishi anajua kwamba siku atakapoagiza ya pili itambidi airekebishe ya kwanza. Viko na vyombo vya kumkumbusha, kama Pyflakes na Ruff, ambavyo husoma programu bila ya kuiendesha, vikaonya penye nyota, na penye jina lililoagizwa mara mbili kabla ya kutumiwa. Mfano wetu wa kwanza, wa dagaa wawili, usingalipita mbele yao kimya.

Mwandishi atumiaye Kiswahili ana kinga moja zaidi, ambayo aghalabu haihesabu. Majina ya asili ya Python ni ya Kiingereza, na Python inapotafuta jina huanza ndani ya funksheni, ikatoka kwenye funksheni iliyoizunguka, ikaenda kwenye moduli, na mwisho kabisa ikafika kwenye majina hayo ya asili; kwa hiyo mtu aandikaye sum = 0 au list = [] katika moduli yake huyafunika ya asili kwa mkono wake mwenyewe, na mistari ifuatayo katika moduli hiyo hukuta namba au orodha tupu mahali pa kile cha asili. Yule aandikaye jumla = 0 na orodha = [] hayafuniki kabisa, na faili liitwalo bahatisha.py halitashindana na random hata siku moja. Walakini kinga hii hudumu kwa sababu moja tu, kwamba maktaba zilizoandikwa kwa majina ya Kiswahili bado ni chache. Zikiongezeka, nasi tunatumaini zitaongezeka, zitakuja maktaba mbili zenye jumla zao, na tatu zenye wastani wao, kila moja ikikokotoa kwa kanuni zake. Na hapo atakayesalimika ni yule aliyekwisha kujizoeza, tangu alipokuwa hana haja, kuliandika jina pamoja na mahali lilikotoka.